Wadi Iliyokuwa na Shingo

Hii hadithi inanifanya nionekane mjinga, najua, na ndiyo maana nimeamua kuisimulia mwenyewe. Vijana wa steji yetu ya boda pale Iftin wameisimulia mpaka imeota mikono na miguu. Kuna mmoja anasema ati nililia mbele ya tume. Sikulia. Ilikuwa vumbi, na vumbi ya Garissa haiangalii cheo.

Nianze na abti. Abti ni mjomba, kaka ya mama, na yeye pia ananiita abti, kwa sababu kwetu jina la undugu linaenda na kurudi kama boda. Huyu wangu ni mheshimiwa, mwakilishi wa wadi. Kabla ya uheshimiwa alikuwa anauza magodoro, na alikuwa muuzaji mzuri, maana godoro haiulizi maswali. Uchaguzi uliopita alishinda kwa kura ambazo ungezipakia zote kwenye pikapu moja na bado ubaki na nafasi ya mbuzi. Wazee walikuwa wamekaa wakakubaliana nani asimame na nani ampishe mwenzake. Huku mambo mengi huisha kabla karatasi ya kura haijachapishwa. Kupiga kura ni kama ile chai ya baada ya nikahi. Lakini mara hiyo wazee wa upande mmoja walikubali kwa mdomo tu, roho ikakataa, na abti akaponea chupuchupu. Tangu siku hiyo halali vizuri, na nyumba yake imejaa magodoro.

Wale wa upande mmoja ni ukoo gani, sitasema. Huku ukitaja ukoo kwenye hadithi, hadithi inageuka kesi. Nitasema "watu wa abti" na "wale wengine", na mtu wa Garissa ataelewa kila kitu, na mtu wa Nairobi hatakosa chochote.

Basi tukasikia tume ya mipaka inakuja. Wadi zitaangaliwa upya, ili watu wasiwe wamejazana upande mmoja na upande mwingine mheshimiwa anawakilisha swala, na raia watatoa maoni. Mimi niliyeachia masomo darasa la nane nilielewa hivi: wanakuja ili watu wachague viongozi wao vizuri. Abti mwenye diploma akaelewa kwamba wanakuja ili kiongozi achague watu wake vizuri. Hapo ndipo niliona faida ya kusoma.

"Abti, hii mipaka ikienda vibaya," akaniambia siku moja akiwa nyuma ya pikipiki yangu, maana gari ya mheshimiwa ilikuwa gereji, "mimi narudi kwa magodoro."

"Si magodoro iko na heshima. Watu wanalalia kazi yako."

"Cheka tu. Nikirudi, wewe ndio utakuwa unabeba kichwani."

Na alikuwa amesema kiti kikibaki chake atanipatia kazi kwa ofisi ya wadi, kazi ya kukaa chini ya feni nikiambia watu mheshimiwa ametoka. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu utoto.

Akatuita hotelini, mimi na wazee wake wachache na kijana mmoja wa kompyuta aliyetoka Nairobi na viatu vyeupe. Huyo kijana alikuwa amechora wadi mpya, akaiwasha ukutani na projekta. Chini, karibu na mji, wadi ilikuwa nene, imeshiba. Halafu ikachomoa kitu chembamba, kirefu, kikafuata barabara ya kutoka mjini, kikapinda ghafla, kikapita nyuma ya kijiji kimoja bila kukigusa, halafu kikaenda mbali huko porini mpaka kwa silanga, lile bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua. Hapo kwa silanga kikavimba tena.

Nikaelewa mara moja. Kile kijiji kilichorukwa kiko kando ya laga, mto mkavu, na ni cha wale wengine. Pale kwa silanga ndipo watu wa abti walikuwa wamejazana na ngamia zao, kwa sababu ilikuwa kiangazi na maji mengine yote yalikuwa yamekauka. Mama yake mwenyewe alikuwa huko, ayeeyo wangu. Yaani mtu alikuwa amechora wadi nzima ili kumfikia mama yake, na simu anayo.

Nikasema, "Abti, samahani. Hii ni wadi ama ni ngamia?"

Mzee mmoja akakohoa.

"Angalieni vizuri. Mwili huu hapa. Shingo hii. Kichwa kimeinama kwa silanga. Ngamia anakunywa maji. Mvute kidogo tu atafika Buna, kule juu Wajir."

Wakacheka mpaka mzee mmoja akaweka gilasi chini. Kijana wa viatu vyeupe naye akacheka, ingawa yeye ndiye amechora. Abti hakucheka. Aliangalia ule ukuta vile mtu anaangalia shamba la urithi.

"Rudia," akasema.

"Ile ya Buna?"

"Ile ya maji."

Kumbe alikuwa anatafuta maneno. Hauwezi kusimama mbele ya tume useme, nipeni hawa sababu ni wangu, na wale watoeni sababu si wangu. Sheria inataka mambo ya jiografia, barabara, vile watu wanaishi, vile wanahusiana. Na mimi mdomo wangu ulikuwa umemletea yote kwenye sahani moja.

"Sisi ni wafugaji," abti akaanza, mkono umeinuka kama wa khatibu. "Mfugaji anafuata maji. Wadi yake pia lazima ifuate maji, kama shingo ya ngamia. Hiyo si siasa. Hiyo ni utamaduni."

"Tume ya Nairobi ikisikia utamaduni inaogopa," mzee wa gilasi akasema.

"Na nani atasema?" mwingine akauliza.

Wote wakaniangalia. Hivyo ndivyo mzaha wangu uliajiriwa kabla yangu.

Kwa siku zilizofuata nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa napeleka abiria huko njia ya laga, na kwenye kile kijiji kilichorukwa kuna mama anauza chai na anjera kwa kibanda cha mabati. Watu humwita tu mama chai. Ulimi wake ni mkali kuliko wangu, na chai yake ina tangawizi ya kuamsha maiti. Nikamwambia, kwa majivuno, kwamba ninaenda kuongea mbele ya tume, na wadi mpya itakuwa na umbo la ngamia.

"Na sisi hapa ni sehemu gani ya ngamia?"

"Nyinyi si sehemu. Shingo inapita nyuma yenu."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya choo cha shule."

Akaweka birika chini. "Kwa hivyo mimi niko wadi gani?"

"Ile ya ng'ambo."

"Dispensari naiona kutoka hapa nimesimama. Ofisi ya hiyo wadi yako ya ng'ambo iko nyuma ya laga. Laga ikijaa, nikitaka mheshimiwa wangu, nimpigie mluzi?"

"Unaweza kupunga leso. Atakuona."

Hakucheka. Akamimina chai yangu nusu kikombe.

"Hii ni kidogo, mama."

"Wewe unakunywa kwa shingo ndefu. Ingine imebaki njiani."

Ningesikia hapo. Lakini mtu akishaahidiwa feni, masikio yake yanapoa.

Siku ya kutoa maoni ukumbi ulijaa. Wazee mbele na bakora zao, akina mama upande, vijana ukutani, na kila mtu alikuwa amekuja na ramani ya moyoni mwake. Mwenyekiti wa tume alikuwa mama mmoja wa kutoka bara, miwani imeshuka puani, sauti ya mwalimu wa hesabu. Aliwaita wote "ndugu zangu" na hakuwa anatabasamu.

Zamu yangu ikafika. Nikashika kipaza sauti. Wallahi niliongea. Niliwaambia mfugaji hana ukuta, ana njia. Nikasema maji ndiyo makao makuu yake. Nikachora ngamia hewani kwa mkono mmoja, mwili, shingo, kichwa, nikainama mwenyewe kama ninakunywa, na watu wa abti wakapiga makofi mpaka mzungumzaji aliyekuwa anafuata akakunja karatasi yake.

Mama wa tume akasubiri kelele iishe. Akauliza swali moja tu.

"Na huyu ngamia, kijana, akishamaliza kunywa anaenda wapi?"

Sasa nataka uelewe. Mimi nimezaliwa Iftin, hapa mjini. Ngamia ninayemjua ni yule wa maziwa ya jerikeni na nyama ya Ijumaa. Nilifikiria haraka. Nikaona nikisema anaenda, wadi nayo itaenda. Nikanyoosha mgongo.

"Anabaki hapo hapo, madam. Ameshafika."

Ukumbi wote ukaanguka kwa kicheko. Wazee walipigana mabega. Kuna mmoja alitoa kofia akajifuta uso nayo. Mimi nikainua mkono kuwashukuru, nikidhani wamefurahia jibu, kumbe kila mtoto wa mfugaji anajua ngamia akishakunywa anarudi malishoni. Hata abti alikuwa anapiga makofi, kwa sababu yeye pia mambo ya ngamia alikuwa ameyaacha kwa magodoro.

Mama wa tume akaandika kitu, akasema, "Vizuri. Tutakuja kumuona."

Wakapanga siku ya kutembelea silanga. Abti akanituma nitangulie asubuhi niwapange watu. Akina mama wakae mbele waimbe, wazee wawe na usemi mmoja, maziwa yawe tayari, na ayeeyo aketi pale kamera itamuona. "Waambie waseme neno moja tu," akanielekeza, "shingo." Nikaondoka nikiwa nimevaa shati ya Idd.

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha huko na huko. Mjini haikuwa imefika, tuliijua kwa nzi tu. Nilipopita kijiji cha mama chai, alikuwa mlangoni amekunja mikono.

"Unaenda kuona ngamia wako?"

"Naenda kumpanga."

"Haya. Nisalimie yule utamkuta."

Nikafikiria hiyo salamu ni ya kejeli ya kawaida tu. Nikaendelea.

Silanga ilikuwa imejaa maji mpaka ukingoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watu walikuwa wengi. Ngamia, mbuzi, watoto, herio zimesimama mstari mzuri, zile nyumba zetu za miti iliyopindwa na mikeka. Moyo ukatulia. Nikazima pikipiki, nikatoa salamu kubwa, wakaitikia vizuri, nikaanza kutafuta herio ya ayeeyo. Halafu ngamia mmoja akapita karibu na mimi akitafuna, akanipa shavu.

Ngamia wa huku wanachomwa alama ya ukoo. Wao wana kitambulisho tangu utotoni, hawapelekwi vetting kama vijana wetu, hawaulizwi babu yako alizaliwa wapi. Hata mimi wa jerikeni ninaijua alama ya upande wetu. Ile ya shavuni haikuwa ya kwetu. Nikaangalia wa pili. Nikazunguka wa tatu kwa upande wa nyuma kama fundi wa tairi. Wote walikuwa wa wale wengine.

Pale herio ya ayeeyo ilipokuwa, kulikuwa na jivu na mawe ya jiko. Kando yake herio nyingine mpya, na mlangoni mwanamke mmoja wa makamo anafukiza chombo cha maziwa kwa moshi.

"Karibu, mwanangu. Unatafuta nani?"

"Watu wa hapa."

"Sisi tuko hapa."

"Wale walikuwa kabla."

"Aah. Hao walisikia mvua imenyesha upande wa Wajir. Wakavunja nyumba, wakapakia ngamia, wakaenda. Hapa kulikuwa kumebaki matope. Halafu hapa pia ikanyesha, sisi tukaja." Akanitazama zaidi. "Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia.

Akaweka chombo chini polepole. "Ni wewe ulisema ngamia akinywa anabaki?"

Kumbe sauti yangu ilikuwa imefika huko kabla yangu. Mtu alinirekodi ukumbini, ikazunguka WhatsApp kutoka Waberi mpaka porini kusikokuwa na mtandao. Hiyo ya kusikokuwa na mtandao mpaka leo sijaelewa vile ilifika. Watoto wakaanza kukusanyika. Mmoja akainama akajifanya anakunywa maji, halafu akakaa chini kabisa akakataa kuinuka, na wenzake wakamvuta mikono. Yaani nilikuwa nimeshakuwa mchezo.

Simu inashika tu juu ya ukingo wa silanga. Nikapanda.

"Abti, watu wameenda."

"Wameenda wapi?"

"Mvua."

"Mvua gani?"

"Mama yako hajakuambia?"

Nikasikia gari inanguruma nyuma yake. Walikuwa njiani tayari, na tume.

"Hapo kuna nani?"

"Wale wengine."

"Wengi?"

"Wanatosha kukurudisha kwa magodoro."

"Waambie waondoke."

"Abti, mimi niko na pikipiki na shati ya Idd."

"Fanya kitu."

Nilifanya kitu. Nilishuka nikaketi kwenye kivuli.

Magari ya tume yakafika, na ya abti nyuma yao. Mama wa tume akashuka na viatu vya kutembea. Mama wa watu alijua Garissa kuliko mimi. Akasalimia, akaketi kwenye mkeka alioandaliwa, akaomba mkalimani, akaeleza kwa utulivu kwamba kuna pendekezo hapa liwe wadi moja na upande wa mjini. Je, watu wa hapa wanaonaje?

Yule mwanamke wa chombo cha maziwa akaomba kusema.

"Sisi tumekuja juzi," akasema. "Kumbe kabla hatujafika, mheshimiwa alikuwa ameshatufikiria. Ametuombea lami. Ametuombea dispensari ya mjini. Hata mtoto wa dada yake amemtuma atueleze." Akaninyooshea mkono, watu wote wakanigeukia. "Hakuna kiongozi amewahi kutuvuta kutoka mbali namna hii. Sisi tunaunga mkono hiyo shingo, kutoka kichwa mpaka mkia. Na kuandikisha kura kukianza, tutajiandikisha hapa hapa kwa shule ya silanga."

Makofi. Vigelegele. Wazee wao wakamzunguka abti, wakamshika mikono yote miwili, wakamuombea dua ndefu ya maisha marefu kwenye kiti, na kila mmoja alikuwa anajua vizuri sana ni nini anaomba. Wakamletea maziwa. Abti akanywa vile mtoto anakunywa dawa ya minyoo, macho juu.

Mama wa tume akamtazama juu ya miwani. "Mheshimiwa, hawa ndio watu wako?"

Akisema ndiyo, amewapa kiti chake kwa mkono wake mwenyewe. Akisema hapana, wako hapo wamemshika mikono na maziwa yao yako kwa tumbo lake.

"Ni wananchi," akasema.

"Hilo naliona," mama wa tume akajibu, akaandika.

Kurudi mjini abti aliniambia nipande gari lake, pikipiki tuipakie kwa pikapu. Nilijua ni gari ya kugombezwa. Lakini hakugomba. Aliangalia nje tu, tukapita kibanda cha mama chai, akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa tuliwaruka kwa nini?"

"Hawakukupigia kura."

"Niliwahi kuwaomba?"

Nikafikiria. "Hapana. Ulipita na vioo juu."

Kikao cha mwisho cha maoni kilikuwa wiki iliyofuata. Abti akanituma tena, safari hii nikaipinge ramani yetu wenyewe. "Sema tu ngamia ameinua kichwa," akaniambia. Nilimwomba atume mtu mwingine, hata kijana wa viatu vyeupe. Lakini huyo alikuwa amerudi Nairobi na hapokei simu.

Nikasimama. Ukumbi ukaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, hiyo nayo ni kipaji. Nikasema tumefikiria upya, tunaona ile shingo si nzuri, ngamia ameinua kichwa.

"Kijana," mama wa tume akasema, "si ulituambia anabaki?"

"Niliulizwa ghafla, madam."

"Na sasa ameenda wapi?"

"Upande wa Wajir."

"Kwa hivyo sisi tukimfuata na kalamu, tutafika wapi?"

Hapo ndipo vumbi iliingia machoni.

Mama chai alikuwa nyuma. Amefunga kibanda siku nzima kuja, na hiyo si kawaida yake, maana hata siku ya harusi ya dada yake aliuza asubuhi. Akasimama bila kipaza sauti. "Mimi sina ngamia," akasema. "Niko na birika. Na birika langu halihami. Shule haihami, dispensari haihami, laga haihami, inajaa tu na inatukata. Chora hapo kwa laga. Sisi wote wa huku, wale walimpigia mheshimiwa kura na wale hawakumpigia, tukae pamoja. Wa kuhama wahame vile Mungu amewapangia, wajue tu wakirudi mlango uko wapi. Na mheshimiwa akitaka kiti chake, kibanda kiko wazi. Atakunywa chai kama watu."

Akaketi. Wazee wakaanza kugonga bakora chini, upande wa abti na upande wa wale wengine, na mama wa tume akageuza ukurasa.

Rasimu ilipotoka, mstari ulikuwa umefuata laga, umenyooka vile laga inanyooka, yaani umepinda, lakini kwa haki. Shingo ilikatwa. Silanga ilienda na wadi jirani, ya upande wa malisho. Abti amebaki na mji, na kile kijiji alichokiruka kiko katikati ya wadi yake kama mfupa kooni. Kiti bado ni chake mpaka uchaguzi, baada ya hapo Mungu anajua. Feni yangu pia anaijua Mungu. Lakini siku hizi nampeleka abti kwa kibanda cha mama chai, anaketi kwenye benchi, anauliza habari ya choo cha shule, na kimepata mlango. Mama chai humpa nusu kikombe. Anasema ingine atapata akirudi bila kuombwa.

Mimi nilibaki na deni moja la salamu, la ayeeyo niliyemkosa kwa silanga. Nikanunua sukari na majani ya chai, nikapata lori la bidhaa linaloenda Wajir, nikashukishwa njiani nikaulizia mpaka nikampata ayeeyo. Alikuwa amesimamisha herio mahali pa kijani ambapo hakuna ramani imewahi kufika. Alinipa maziwa, akanisikiliza kuanzia hotelini mpaka ukumbini. Yeye pia ananiita ayeeyo.

"Kwa hivyo mwanangu amenichora kwa karatasi," akasema.

"Kwa ukuta, ayeeyo. Ulikuwa kwa kichwa cha ngamia."

"Na hakunipigia hata simu."

"Hakupiga."

"Mwambie kura yangu iko kwa shule ya silanga na nitaenda mwenyewe siku ikifika, mvua ikipenda. Asinivute." Akakoroga sukari. "Na wewe. Ulisimama mbele ya watu wote ukasema ngamia akishakunywa anabaki?"

"Nilisema."

"Na kipaza sauti?"

"Na kipaza sauti."

Akanitazama muda mrefu kwa huruma, vile mtu anamtazama mbuzi aliyevunjika mguu.

"Kiti cha mjomba wako ni kiti, kikienda kimeenda," akasema. "Lakini wewe, ayeeyo, nani sasa atakuoza binti yake?"